Kiapo cha Uraia na Watani wa Muislamu

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.T.), aliyeiumba ardhi akaifanya pana, akawajaalia waja wake kuwa mataifa na makabila ili wajuane. Rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad (S.A.W.), aliyeuacha mji aliozaliwa kwa ajili ya dini yake, na ziwashukie jamaa zake na Masahaba zake, waliohama pamoja naye na waliowapokea waliohama.

Ama baada ya hayo. Miongoni mwa mambo yaliyozikabili familia nyingi za Kiislamu zenye kusema Kiswahili ni jambo la kuchukua uraia wa nchi ya ugenini. Namna familia hizi zilivyotawanyika inajulikana. Baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964 wapo walioelekea Oman na nchi nyengine za Ghuba, na wapo waliofika Uingereza. Sultan Qaboos bin Said aliposhika utawala mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa nje warejee, wengi waliitika. Leo si ajabu kuwakuta watoto wa mama mmoja, wa kwanza ana pasipoti ya Oman, wa pili ya Uingereza na wa tatu ya Tanzania. Wakikutana Maskati siku ya Idi hula sinia moja, na kila mmoja ana sheria za nchi yake zinazomfunga.

Basi anayetaka uraia wa nchi mpya hupitia mambo matatu: karatasi anayoijaza, kiapo anachokitamka, na sala anayoisali katika nchi ile. Watu wengi huyachukua mambo haya kuwa hayahusiani. Karatasi huiona ni kazi ya wakili, kiapo hukiona ni ada ya serikali, na sala huiona ni baina yake na Mola wake. Ukweli ni kwamba yote matatu ni baina yake na Mola wake, na hayana budi yaseme neno moja.

UKAAZI NA URAIA

Mkaazi wa kudumu ni mtu aliyepewa ruhusa ya kuishi katika nchi bila ya kuwekewa muda, naye bado ni raia wa nchi nyengine. Wanavyuoni wa zamani walimjua mtu wa namna hii, wakamwita mwenye kupewa amani. Muislamu aliyeingia nchi ya watu kwa amani yao, na wao wako katika amani yake. Si halali kwake mali yao, wala damu yao, wala kuwahadaa, maana ruhusa ile aliyopewa ni ahadi ya pande mbili, hata kama hakutamka neno.

Uraia ni daraja nyengine. Kwa mfano, Uingereza, ambako Waswahili wengi wamekaa, huifuata Sheria ya Uraia ya mwaka 1981. Mkaazi anayeomba uraia kwa tajnisi hutakiwa awe ameishi nchini miaka 5, na kwa kawaida awe amekuwa na ukaazi wa kudumu kwa miezi 12. Katika miaka hiyo 5 asiwe ametoka nje kwa zaidi ya siku 450, na katika mwaka wa mwisho asizidi siku 90. Aliyeoana na raia hupunguziwa muda. Tena hutakiwa ajue lugha, afanye mtihani wa maisha ya nchi ile wenye masuala 24, na awe mtu wa mwenendo mwema. Akikubaliwa huitwa kwenye sherehe, na huko hutamka kiapo au tamko la utiifu, kisha hupewa hati yake. Sherehe hizi zilianza mwaka 2004.

Mwenye kuyatazama masharti haya ataona kuwa mengi yao yanategemea neno la muombaji mwenyewe. Yeye ndiye anayehesabu siku alizotoka. Yeye ndiye anayeandika jina la baba yake, idadi ya watoto wake, na kama aliwahi kutiwa hatiani. Amana kubwa imewekwa juu ya kalamu yake.

FOMU NI USHAHIDI

Apigiwe mfano mtu aliyekaa London miaka mingi. Mama yake aliugua Maskati, akenda kumuuguza miezi mitano. Mwaka uliofuata alirudi kwa ajili ya mirathi, kisha kwa harusi ya mdogo wake. Anapofika kuijaza fomu anahesabu siku na kuona zimepita mpaka uliowekwa. Rafiki yake anamwambia: "Ziache safari mbili usiziandike. Nani atakayejua? Na hao si Waislamu, kuwaambia uwongo si kitu."

Maneno haya mawili yote ni ya hatari. Suala la nani atakayejua linajibiwa na kila mwenye kuamini kwamba juu ya mabega yake wamo waandishi watukufu ambao hawasahau safari wala siku. Na kusema kwamba uwongo kwa asiyekuwa Muislamu si kitu ni kinyume cha mwenendo wa Bwana Mtume (S.A.W.). Usiku ule alipokuwa Makureshi wanataka kumuua, alimwacha nyuma Sayyidna Ali bin Abi Talib ili awarejeshee watu wa Makka amana walizoziweka kwake. Watu wale wale waliomtoa nyumbani kwake hakuwakhini hata dirhamu moja.

Na Hudhaifa bin Al-Yaman alipokuwa njiani pamoja na baba yake, walikamatwa na Makureshi, wakaachiwa kwa ahadi ya kwamba wataelekea Madina wala hawatapigana. Walipofika kwa Mtume (S.A.W.) vita vya Badri vilikuwa vinakaribia, na Waislamu walikuwa wachache wenye haja ya kila mkono. Pamoja na hayo Mtume (S.A.W.) aliwaamrisha waitimize ahadi yao kwa Makureshi, na wao Waislamu wamtegemee Mwenyezi Mungu. Ikiwa ahadi iliyotolewa kwa adui, chini ya mateka, katika saa ya vita, ilitimizwa, basi itakuwaje ahadi inayotolewa kwa hiari, katika amani, kwa watu waliompa mtu makaazi na kazi na skuli za watoto wake?

Iko khabari nyengine iliyo karibu zaidi na mwenye kuomba hifadhi. Waislamu wa mwanzo walipohamia Uhabeshi, Makureshi walituma wajumbe kwa Najashi ili warejeshwe. Walipoona hawakufanikiwa, wakamchochea mfalme juu ya itikadi ya Waislamu kuhusu Nabii Isa (A.S.), naye Najashi alikuwa Mkristo. Jaafar bin Abi Talib na wenziwe walijua kwamba neno moja lingeweza kuwatoa katika nchi ile. Wakashauriana, wakakubaliana kuwa hawatasema ila aliloliteremsha Mwenyezi Mungu, liwe liwalo. Wakasema kweli, na kweli ile ndiyo iliyowalinda. Wengine wao walibakia Uhabeshi hadi mwaka wa 7 wa Hijra.

Upo pia uwongo ulio mzito zaidi ya hesabu ya siku, nao ni uwongo wa nasaba. Wapo wanaomwandikisha mtoto wa ndugu kuwa ni mtoto wao ili apate njia ya kuingia nchini, na nia yao huwa ni huruma. Lakini Mwenyezi Mungu ameamrisha katika Suratul Ahzab, aya ya 5, kwamba watoto waitwe kwa baba zao. Karatasi ile haibadilishi sharia. Mtoto yule si mrithi wa ami yake kama mwana. Akibaleghe si maharimu wa mke wa ami. Na binti wa ami si dada yake. Mtoto hukua akiitwa kwa jina lisilo lake, wazee hufa mmoja baada ya mmoja, na wanaoijua kweli hupungua mpaka hubakia karatasi peke yake. Basi huruma iliyoanza kwa uwongo hugeuka dhulma kwa mtoto mwenyewe na kwa kizazi chake.

Na mfano wa huo ni ndoa inayofungwa kwa ajili ya karatasi tu, huku wenye kuoana hawakusudii kukaa pamoja. Ndoa ni mkataba mzito alioutukuza Mwenyezi Mungu. Hauwi kivuko cha mpakani.

KIAPO NA NIA

Katika kiapo cha Uingereza muombaji huapa kwa Mwenyezi Mungu kwamba atakuwa mtiifu wa kweli kwa Mfalme na warithi wake kwa mujibu wa sheria. Kisha huahidi kuwa mwaminifu kwa nchi, kuheshimu haki na uhuru wa watu wake, kushika sheria zake na kutimiza wajibu wa raia. Asiyetaka kuapa huruhusiwa kutoa tamko lisilotaja kiapo, na uzito wake kisheria ni mmoja.

Wanavyuoni wametofautiana kuhusu kuchukua uraia wa nchi isiyotawaliwa na Waislamu. Wapo wanaolichukia jambo hili kwa khofu ya dini na watoto, na wapo waliolijuzisha kwa sharti kwamba mtu aweze kudhihirisha dini yake, asilazimishwe maasi, na alinde kizazi chake. Mwenye haja amuulize mwanavyuoni amtakaye kwa hali yake mwenyewe, kwani hali za watu hazilingani. Lakini liko jambo wasilotofautiana: hapana utiifu kwa kiumbe katika kumuasi Muumba, na anayeapa hana ruhusa ya kuapa uwongo.

Wapo wanaosimama katika ukumbi ule, wakanyanyua sauti pamoja na wenzao, na nyoyoni mwao wanasema: "Haya ni maneno ya mdomo tu, nia yangu ni nyengine." Mtu kama huyu hajasalimika. Imepokewa kutoka kwa Mtume (S.A.W.) kwamba kiapo hufuata nia ya yule anayemuapisha mtu. Kwa hivyo mwenye kuapa hawezi kujificha nyuma ya maana aliyoitunga kwa siri. Ama akubali maana inayokusudiwa, yaani kuishi kwa sheria na kutoihaini nchi, na hilo halimtoi katika dini yake. Ama asiape, abakie mkaazi mwenye amani, na hana dhambi katika hilo.

Mwenyezi Mungu amempigia mfano mwenye kuvunja kiapo, katika Suratun Nahl, aya ya 92, wa mwanamke aliyesokota uzi wake ukawa madhubuti kisha akaufumua vipande vipande. Hivyo ndivyo anavyokuwa aliyekaa miaka akifanya kazi kwa jasho, akasoma, akafaulu, akasubiri, kisha saa ya mwisho akatamka kwa ulimi asichokikubali moyoni.

Na wafuasi wa madhehebu ya Kiibadhi wana zaidi ya kuzingatia hapa. Katika madhehebu haya imani ni kusadiki, kutamka na kutenda, hayatenganishwi. Mwenye kushikilia dhambi kubwa bila ya kutubia hawezi kujituliza kwa kusema kwamba moyo wake ni safi. Kiapo cha uwongo ni katika madhambi makubwa, ikiwa kimeapwa msikitini au katika ukumbi wa manispaa.

WATANI NA SALA

Limebakia jambo la tatu, nalo ndilo linalosahauliwa zaidi. Katika fiqhi ya Kiibadhi msafiri aliyetoka katika watani wake na kupita mwendo wa farsakh mbili, yaani takriban kilomita 12, hupunguza sala za rakaa nne na kuzisali mbili. Huendelea kupunguza maadamu hakuifanya nchi aliyoko kuwa watani wake, hata akikaa miaka. Hukumu hii huijua kila mwanafunzi aliyetoka Nizwa akenda kusoma nje: husali rakaa mbili mpaka arudi, isipokuwa anaposali nyuma ya imamu mkaazi, hapo hutimiza pamoja naye.

Sasa aulizwe yule aliyekaa Uingereza miaka ishirini. Amenunua nyumba, watoto wake wamezaliwa huko, ameoza binti yake huko. Ikifika Adhuhuri husali rakaa mbili, na akiulizwa husema: "Mimi ni msafiri, nyumbani kwangu Oman." Na yeye ndiye aliyetia sahihi fomu inayosema kuwa anakusudia kuendelea kuishi nchi ile, kisha akaapa kuwa raia wake. Kwa wenye nchi yeye ni mwenyeji; kwa Mola wake yeye ni mpita njia. Katika maneno mawili haya, lipi la kweli?

Haisemwi kwamba pasipoti ndiyo watani. Watani katika sharia ni pale mtu alipotulia na kuazimia kukaa, si rangi ya jalada la kitabu. Huenda mtu akawa na uraia wa Uingereza naye ameshahamia Maskati na kutulia huko, basi watani wake ni Maskati. Wala hailazimu mtu awe na watani mmoja tu. Wanavyuoni wamejuzisha mtu awe na watani zaidi ya mmoja, akatimiza sala yake kote kuwili, kama mwenye nyumba mbili anayekaa huku na huku. Mke humfuata mumewe katika hilo, na watoto wadogo humfuata baba yao. Kwa hivyo nia ya mtu mmoja ndani ya nyumba yagusa sala ya nyumba nzima, na haifai kuiacha ikielea miaka na miaka kwa sababu ya unyonge wa kuamua.

Kinachowazuia wengi kuamua ni mapenzi ya kwao. Huona kwamba wakitimiza rakaa nne ugenini wameisaliti nchi ya wazee wao. Basi na waitazame khabari ya Mtume (S.A.W.). Alipofungamana na Answari katika Akaba, mmoja wao alimuuliza kama Mwenyezi Mungu akimpa ushindi atawaacha na kurejea kwa watu wake. Akawahakikishia kuwa yeye ni wao na wao ni wake. Miaka ikapita, ukaja mwaka wa 8 wa Hijra, Makka ikafunguliwa. Ule ndio mji aliozaliwa, ndio mji alioulilia siku ya kutoka, na nyumba ya Mwenyezi Mungu imo ndani yake. Answari waliingiwa na khofu kwamba sasa atabakia kwao. Akawaambia kwamba uhai wake uko pamoja nao na mauti yake yako pamoja nao. Na katika siku alizokaa Makka alisali rakaa mbili mbili, sala ya msafiri, katika mji wa kuzaliwa kwake. Kisha akarejea Madina, na huko ndiko alikozikwa.

Hapana anayesema kuwa London au Dubai ni sawa na Madina. Lakini mafunzo yako wazi. Mapenzi ya Makka hayakutoka moyoni mwake, wala hayakuivunja ahadi yake. Mtu huweza kuipenda nchi ya wazee wake mpaka kufa, akawasomesha watoto wake lugha yake na khabari zake, na juu ya hayo akawa mkweli kwa nchi aliyoifanya makaazi. Imam Jabir bin Zaid (R.A.) alizaliwa Firq, karibu na Nizwa, akaishi Basra chini ya watawala asiokubaliana nao, akasomesha huko mpaka elimu yake ikarudi Oman na ikavuka hadi Maghrib. Ugeni haukumfanya mwongo, wala haukumpotezea asili yake.

NCHI YA KWANZA NA NCHI YA PILI

Ukweli unaodaiwa na nchi mpya unadaiwa vile vile na nchi ya zamani. Sheria ya Oman haimruhusu raia wake kukusanya uraia mwengine ila kwa idhini maalumu. Tanzania nayo haikubali uraia wa nchi mbili kwa mtu mzima aliyeuchukua wa pili kwa hiari yake. Kenya iliruhusu kwa Katiba yake ya mwaka 2010. Kwa hivyo mwenye kuapa nchi moja akaificha pasipoti ya nchi nyengine chini ya sanduku, akiionesha hii mpaka huu na ile mpaka ule, amezikhini nchi mbili kwa mara moja. Kabla ya kupeleka maombi, na aulize sheria ya kwao inasemaje, apime atakachokiacha, awashauri wazee wake na mkewe, na asali Istikhara.

Na baada ya uraia zipo haki. Kodi ni katika ahadi. Kuitwa kukaa katika baraza la mahakama ni katika ahadi. Jirani ana haki yake, awe Muislamu au siye. Mwenyezi Mungu hakuwakataza Waislamu kuwafanyia wema na uadilifu wale wasiowapiga vita kwa ajili ya dini, kama ilivyo katika Suratul Mumtahina, aya ya 8. Kuchukua msaada wa serikali kwa kudai kuwa mume hayuko nyumbani naye yuko, ni kula haramu na kuwalisha watoto haramu.

Ama aliyekwisha kuteleza, mlango wa toba haujafungwa. Toba ni kujuta, kuacha, kuazimia kutorudi, na kuirejesha haki kwa mwenyewe. Aliyechukua mali isiyo yake na airudishe. Aliyeficha nasaba ya mtoto na amwambie mtoto kweli angali hai, aandike wasia, awashuhudishe watu, na amuendee mwanavyuoni na mjuzi wa sheria ili aone namna ya kulisahihisha lile lililoandikwa. Huenda akapata hasara ya dunia. Uingereza, kwa mfano, sheria inaruhusu kuuvua uraia uliopatikana kwa udanganyifu. Lakini hasara hiyo ina mwisho, na hasara ya Akhera kwa aliyekufa bila ya kutubia haina mwisho.

Mwenyezi Mungu awaongoze waja wake waliotawanyika katika ardhi yake, awape kalamu zenye kuandika kweli na ndimi zenye kutimiza ahadi, awalindie dini yao na vizazi vyao popote walipotua, na awakusanye wao na wazee wao katika makaazi yasiyo na kuhama. Amin.